Kiambishi -nga: Urithi wa Kale Katika Vinywa vya Kibera na Kawangware

Kila lugha ina njia yake ya kupambanua jambo litendwalo mara moja na jambo lililokwisha kuwa ada. Mwingereza hukiacha kitenzi chake cha wakati uliopo kikiwa kitupu, na msikilizaji akafahamu kuwa ni mazoea. Nasi tunayo hu-, isiyobagua nafsi, kwani mimi huenda, wewe huenda, na wao huenda. Kaida hiyo ndiyo iliyotiwa nguvu lahaja ya Kiunguja ilipochaguliwa mjini Mombasa, mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Lakini msikilize mama aliyepanga mitungi yake bombani Kibera, mtaa wa jiji la Nairobi: “Hii maji inapoteanga Jumatatu.” Jirani yake humjibu: “Kwetu haipoteangi.” Katika maneno hayo mawili mna sarufi timamu: ada huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi, nafsi na wakati husalia mahali pake, na ukanushi hugeuza -nga kuwa -ngi pasipo kosa. Tena hu- hubebeshwa mizigo mingine, maana “huenda” ni labda pia, na “huendi” ni kukanusha nafsi ya pili. -Nga haina utata huo.

Imetoka wapi? Si kwa wenyeji wa kwanza wa mtaa huo, askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, ambao kwa Kinubi chao, lugha yenye asili ya Kiarabu, waliuita msitu ule Kibra. Kwani Kinubi huonyesha mazoea kwa gi- mbele ya kitenzi. Asili ya -nga ni Kibantu cha bara: Waluhya wana -nga, Wakikuyu wana -aga, na ndugu zetu wa Tanzania husema “anasemaga”. Wataalamu wa isimu huzirudisha zote kwenye shina moja, *-ag- ya Kibantu cha kale. Baada ya uhuru wa 1963, watu wa magharibi mwa Kenya walipomiminika mjini kutafuta riziki, wakapanga vyumba Kibera na Kawangware, walikuja na kiambishi hicho kinywani, nao watoto wao wakakirithi.

Basi, ewe mwalimu, mfundishe mwanafunzi hu- kwa ajili ya insha na mtihani, lakini usimwambie kuwa -nga ni lugha ya wahuni, kwani kiambishi hicho kina umri mkubwa kuliko mji wa Nairobi wenyewe.