Chuma cha Samia na Siri ya Ioni

Ewe msomaji, ukisimama katika tambarare ya Budalang'i, ambako mto Nzoia wamwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ukatazama upande wa kaskazini, huko ndiko iliko milima ya Samia. Katika milima hiyo mna mtapo wa chuma. Zamani, kabla ya karne ya 20, wahunzi wa Kisamia waliuyeyusha na kufua majembe, ambayo Waluhya na Wajaluo waliyathamini hata wakayatoa kuwa mahari.

Je, wajua kazi iliyofanyika ndani ya tanuri? Mtapo si chuma kilichochafuka, wala moto haukukiosha. Chuma kilichomo kimeungana na oksijeni. Atomi ya metali ni karimu: huziachilia elektroni zake za nje. Oksijeni si metali, nayo huzipokea. Katika mawe haya kila atomi ya chuma imetoa elektroni tatu, na kila atomi ya oksijeni imepokea mbili. Kwa hiyo atomi mbili za chuma hushikana na tatu za oksijeni, ndipo hesabu hulingana, sita kwa sita. Iliyotoa hubaki na chaji chanya, iliyopokea huwa na chaji hasi, nazo huvutana kwa nguvu nyingi. Hizo ndizo ioni. Hata chumvi ya mezani ni vivyo hivyo, ila sodiamu hutoa elektroni moja tu na klorini huipokea.

Kuzitenganisha si mchezo. Mhunzi alijaza tanuri makaa na mtapo, na viriba vikavukutwa pasipo kupumzika. Gesi iliyotoka katika makaa iliitwaa oksijeni, na elektroni zikabaki kwa chuma. Ioni ikarudi kuwa metali. Mavi ya chuma yakatengwa, bonge likafuliwa. Lakini jembe likisahauliwa katika maji ya mafuriko, chuma hutoa elektroni tena, na kutu yake huwa nyekundu.

Jina la ioni lilianza kutumiwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1834, kutokana na neno la Kiyunani la kwenda. Elektroni yenyewe ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Wasamia hawakuyangoja majina hayo. Kilichowashinda si kemia, bali bei: reli ilifika Kisumu mwaka 1901, majembe ya viwandani yakaja kwa urahisi, na tanuri zikapoa.