Ukadiriaji Majenzi na Nyumba ya Mteremkoni

Sheria ya Tanzania inazitaja pamoja taaluma mbili za majengo: wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Ilitungwa mwaka 1997, ikatungwa upya 2010, na bodi inayowasajili wataalamu hao, inayofahamika zaidi kwa herufi AQRB, ndiyo iliyoeneza jina la pili. La kwanza halisumbui. Mbunifu ni anayebuni. La pili linasumbua, na si kwa sababu ya "majenzi", neno ambalo nje ya nyaraka za bodi na vyuo hulisikii mara nyingi kwa kuwa watu husema ujenzi. Linasumbua kwa sababu ya kukadiria. Kwa anayejenga vyumba viwili na sebule pale Bigwa au Kihonda mjini Morogoro, kukadiria ni fundi kusimama kiwanjani, kuzungusha macho, kisha kutaja milioni kadhaa. Ndiyo maana wapo wanaodai kwamba istilahi hii imemdunisha mtaalamu: kazi yake ni kupima, jina limemgeuza mbahatishaji. Nadhani lawama hiyo imekosea mlango. Neno ni zuri. Tatizo ni kwamba tumekubali kuuziwa makisio kwa jina la makadirio, na hasara yake inaonekana kwenye miteremko ya milima ya Uluguru kuliko kwenye ardhi tambarare.

Kadiri ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kipimo au kiasi. Kiswahili kililipokea na maana hiyo: tunasema kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, yaani kiasi anachokimudu, si kiasi anachokibahatisha. Kadari, yale aliyopangiwa mja, inatoka katika shina hilohilo, na hakuna anayedhani kwamba Mungu alikisia. Hata waziri anaposoma bungeni Dodoma makadirio ya mapato na matumizi, anatarajiwa kuwa na mafungu na vifungu, na mbunge anaweza kusimama kumuuliza tarakimu fulani imetoka wapi. Hapo ndipo penye tofauti. Kisio halina pa kuulizwa, maana limetoka kichwani mwa aliyelisema. Kadirio hurudishwa nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kipimo lilikoanzia.

Katika ujenzi safari hiyo ina vituo vitatu kabla ya bei. Kuna mchoro, unaosema urefu, kimo na unene. Kuna kiasi cha kazi kinachosomwa kwenye mchoro: mita za ujazo za zege, mita za mraba za ukuta. Kisha kuna vifaa vitakavyoifanya kazi hiyo. Bei huja mwisho, na ndiyo pekee anayoulizia mteja. Chukua jamvi, yaani zege la sakafu, la nyumba ya mita 10 kwa 8. Likimwagwa kwa unene wa sentimita 10, zege ni mita za ujazo 8, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne linataka mifuko 50 hivi ya sementi, ile ya kilo 50. Likimwagwa kwa sentimita 7 na nusu, zege linashuka hadi mita 6 na mifuko haifiki 40. Fundi anayesema "jamvi mifuko arobaini" hajadanganya, na hajasema kweli pia, kwa sababu hakuna aliyetaja unene. Mifuko bila unene ni tarakimu tupu. Hapo unaona pia kwa nini majina mawili tunayoyatumia badala ya BOQ (bill of quantities) hayatoshi. "Orodha ya vifaa" inaanzia kituo cha tatu, na "mchanganuo wa gharama" unaruka hadi mwisho kabisa. Hati yenyewe ni ya kiasi cha kazi. Uingereza, ambako taaluma hii ilikomaa katika karne ya 19 na chama cha wapimaji kikaundwa London mwaka 1868, sababu ya kutenga kiasi na bei ilikuwa wazi: wakandarasi walioshindania jengo moja waliona ni upotevu kila mmoja kulipima upya, hivyo mtu mmoja alipima, wao wakashindana kwa bei.

Sasa peleka hesabu hiyo mlimani. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake Uluguru inapanda hadi kilele cha Kimhandu, zaidi ya mita 2,600. Kihonda ni tambarare. Bigwa na Kilakala zinaegemea mlima, na ukipanda kuelekea Mgeta au Kinole, kiwanja bapa ni cha kutengeneza kwa jembe. Ramani ya nyumba ile ya mita 10 kwa 8, inayouzwa siku hizi kwa simu pamoja na BOQ yake, inafanana pote. Lakini kwenye kiwanja kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 5, nyumba ikilazwa kwa urefu kufuata mteremko, ncha ya chini iko mita 2 chini ya ile ya juu. Ili sakafu iwe sawa, pande mbili za urefu zinaongezewa pembetatu za ukuta wa msingi, mita za mraba 10 kila moja, na upande wa chini mita 16. Jumla 36. Kwa tofali la sementi la sentimita 45 kwa 23, mita moja ya mraba inakula matofali kama 9 ukihesabu ya kuvunjika, kwa hiyo yanaongezeka zaidi ya 320, na kuta za ndani bado. Kibaya zaidi ni kifusi cha kujaza: mita za ujazo 80, tripu 16 za lori linalobeba mita 5, na kikishindiliwa kinapungua, utaagiza zaidi. Ukiamua kukata nusu na kujaza nusu, kifusi kinashuka hadi mita 20 ambazo zinatoka kiwanjani hapohapo, lakini upande wa juu unadai ukuta wa kuzuia udongo, na msingi unachimbwa kwa ngazi. Wakulima wa Mgeta hawahitaji kuelezwa ngazi. Mashamba yao yamekatwa hivyo. Hakuna lolote kati ya hayo kwenye BOQ ya kwenye simu. Si kwamba aliyeiandika alikosea hesabu. Alikadiria nyumba isiyo na kiwanja.

Watasema nyumba ndogo haistahili shughuli yote hii, kwamba fundi mzoefu anaona kwa jicho. Jicho hilo silidharau. Linajua mchanga upi una udongo mwingi na gari gani litakwama masika, mambo ambayo kijana wa chuoni hajui. Lakini limezoea yale lililoyajenga, na mara nyingi fundi ndiye anayepokea vifaa na kuvitumia. Mtu mmoja akisema kiasi, akapokea na akatumia, mwenye nyumba hana cha kulinganisha, hata fundi akiwa mwaminifu kabisa. Karatasi ya viasi inamlinda naye asisingiziwe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bei. Wengi wetu hujenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma miaka miwili baadaye, na bei za leo zitakuwa zimechakaa kabla ya kenchi kupanda. Ni kweli, na ndiyo sababu kiasi kitangulie. Mita 8 za zege zitabaki 8 mwakani. Kinachoandikwa upya ni safu moja ya bei. Anayejenga kwa awamu anahitaji viasi vya kila awamu kuliko anayejenga kwa mkupuo, kwa sababu bati linaweza kusubiri stoo, sementi haisubiri: inavuta unyevu na kuganda mfukoni.

Wapo pia wanaotaka neno lenyewe libadilishwe, tuseme mpimakiasi. Lingeeleweka, lakini mpimaji tayari ni yule wa ardhi anayeweka mawe ya mipaka, na kiwanja kimoja chenye wapimaji wawili kitaleta mkanganyiko mpya. Jina la mkadiriaji majenzi, kwa sheria, ni la aliyesajiliwa, na ni haki libaki hivyo. Kinachokosekana kwa mwenye nyumba ya vyumba viwili ni huduma ya chini yake. Mafundi sanifu wanaotoka vyuo vya ujenzi wanajua kuchora na kusoma kiasi. Wanaweza kuiuza kazi hiyo kwa jina lake la kawaida, kuchora na kukadiria, bila kujivika cheo kisicho chao, mradi waanzie kiwanjani na futi kamba na pima maji, si kwenye kompyuta.

Kwa hiyo ukiletewa makadirio ya nyumba ya Bigwa yasiyotaja mteremko wa kiwanja wala unene wa jamvi, usibishane juu ya bei. Mrudishie aliyeyaleta akapime kwanza, na usimlipe mpaka aje na vipimo.