Kipimo cha Kiingereza huko Arua na Koboko
West Nile, eneo la Arua na Koboko, iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, baada ya kupitia mikononi mwa Wabelgiji na Sudan. Waingereza walitafuta huko askari na vibarua wa mashamba ya kusini kabla ya kuijali kwa shule. Katika kambi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni, Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, hivyo vijana wengi wa Arua na Koboko walikijua kabla ya Kiingereza. Mpango huo wa serikali, wala si maumbile, ndio uliozaa dhana kwamba watu hawa ni wa vita tu.

Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, alipotawala Uganda, Alan Coren wa London alichapisha mwaka 1974 kitabu cha kukejeli Kiingereza chake. Wapo watakaosema dikteta alistahili dhihaka. Alistahili zaidi: kushtakiwa kwa mauaji. Lakini kejeli ile ilipima ulimi, si damu iliyomwagika, na aibu yake ikawaangukia pia wakulima wa West Nile wasiojua Kiingereza. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979 wengi wao walikimbilia Sudan na Zaire, wakilipizwa kisasi kwa makosa ya utawala wake. Kipimo hicho cha ulimi bado kipo: Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, ilhali mitihani ya taifa bado huandikwa kwa Kiingereza.