Sigiriya, Mwamba wa Simba

Sigiriya ni mwamba uliosimama peke yake msituni karibu na mji wa Dambulla, Sri Lanka, ukipanda mita 180 hivi kutoka uwandani. Kabla haujawa ngome, watawa wa Kibudha walikaa katika mapango yaliyo chini yake.

Ngome ilizaliwa na ugomvi wa urithi. Kashyapa, mwana wa mfalme Dhatusena kwa mama asiye wa ukoo wa kifalme, alimpindua baba yake. Kitabu cha kale cha historia kiitwacho Culavamsa kinasimulia kwamba mzee alijengewa ukuta akiwa hai. Moggallana, ndugu yake Kashyapa na mrithi halali, akakimbilia India. Kuanzia mwaka 477 Kashyapa alitawala, akauacha mji mkuu wa Anuradhapura na kujenga kasri kileleni. Bustani alizoziweka chini zina mifereji ambayo hata leo hurusha maji masika yakikolea. Mwaka 495 Moggallana akarudi na jeshi. Inasemekana tembo wa Kashyapa aligeuka kukwepa tope, askari wakadhani bwana wao anakimbia, wakatawanyika, naye akajiua. Watawa wakarudishiwa mwamba.

Utawala wa Kashyapa ulidumu miaka 18 tu, lakini michoro ya wakati huo bado ipo. Iko katika pango dogo mita 100 hivi juu. Mafundi walikandika udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga, wakapaka chokaa, kisha rangi nyekundu, njano na kijani. Wanawake wanachomoza mawinguni kuanzia kiunoni, mikononi maua na sinia. Wako wanaosema ni wake wa mfalme, wako wanaosema ni viumbe wa mbinguni. Wamesalia kama 22.

Chini yao unapita Ukuta wa Kioo, ambao lipu yake ilisuguliwa mpaka ikang'aa. Hapo ndipo wageni, hasa wa karne ya 8 hadi ya 10, walipokwaruza mashairi yao: wengine wanayasifu macho ya warembo, wengine wananung'unika kwamba warembo hao hawaitikii neno. Mwanaakiolojia Senarat Paranavitana alisoma mashairi 685 na kuyachapisha mwaka 1956. Kwa mpenda historia, mikwaruzo hiyo inalishinda kasri lenyewe, kwa kuwa ndiyo sauti ya watu wa kawaida.

Baadaye msitu ulipafunika. Jonathan Forbes, afisa wa jeshi la Uingereza, alipafikia mwaka 1831, na katika miaka ya 1890 mwanaakiolojia H. C. P. Bell akaanza kuchimba. Oktoba 1967 wahuni waliimwagia michoro rangi. Luciano Maranzi, fundi wa Kiitalia, akaja kuisafisha. UNESCO iliingiza Sigiriya katika urithi wa dunia mwaka 1982.

Mgeni wa leo huifikia michoro kwa ngazi ya chuma ya mzunguko, na haruhusiwi kupiga picha. Akitoka hapo hukuta nyayo mbili kubwa za simba, za matofali. Zamani njia ilipita katikati ya mwili wa mnyama huyo, naye ndiye aliyeupa mwamba jina. Kileleni imebaki misingi ya kuta, na bwawa lililochongwa mwambani.