Kutoka Waya hadi Mteja: Historia Fupi ya Violezo vya Violesura vya Ruta, 1989–2003

Katika miongo ya mwanzo ya intaneti, kiolesura cha ruta, yaani mlango unaopitisha data kuingia na kutoka, kilikuwa kitu cha kudumu. Kila mlango ulikuwa na waya wake, na kila waya ulikuwa na maelekezo yake yaliyoandikwa na fundi. Utaratibu huo uliitosha ruta iliyohudumia taasisi chache zinazofahamika. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo ulivunjwa na ujio wa mteja asiye na waya wake mwenyewe, na kwamba suluhisho lililopatikana lilibadili pia uzito wa kosa la fundi.

Mwaka 1989 ilichapishwa itifaki ya PPP, ambayo mwaka 1994 ilipewa umbo lake lililokomaa katika waraka RFC 1661. Kwa itifaki hiyo, kompyuta ya nyumbani iliweza kujiunga na intaneti kupitia laini ya kawaida ya simu. Hata hivyo, wateja walichangia modemu za mtoa huduma: aliyepokewa leo na modemu ya saba, kesho angeweza kupokewa na ya thelathini. Maelekezo yaliyofungamana na mlango hayakumfuata mtu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumtenganisha mteja na mlango. Kampuni ya Livingston ya California ilibuni RADIUS, itifaki iliyochapishwa Januari 1997 katika waraka RFC 2058. Ruta ilituma jina na nywila ya mteja kwa seva, nayo seva ilirudisha idhini pamoja na sifa zake: anwani atakayotumia, kichujio cha data na ukomo wa muda.

Hatua ya pili ilihusu yale yanayowahusu wateja wote. Katika ruta za Cisco, fundi aliandika kiolezo kimoja. Kila simu ilipoingia, ruta ilinakili kiolezo hicho, ikaongeza sifa kutoka RADIUS, na kuunda kiolesura cha muda kilichofutwa simu ilipokatwa. Itifaki ya PPPoE ya mwaka 1999 iliupeleka mtindo huo kwa wateja wa DSL. Baadaye Juniper, katika mfumo wake wa Junos, iliuendeleza kwa wasifu wenye nafasi tupu zinazojazwa mteja anapounganishwa.

Manufaa hayo yalikuwa na gharama. Mstari mbovu katika kiolesura cha kudumu ulimkatia huduma mteja mmoja. Mstari huohuo katika kiolezo uliweza kumkwamisha kila aliyejiunga baada yake. Aidha, kiolesura kilichofutwa hakikuacha maelekezo ya kukaguliwa. Ushahidi wa nani alitumia anwani ipi, na kwa muda gani, ulibaki katika kumbukumbu za hesabu za RADIUS, zilizoelezwa katika waraka RFC 2059 wa mwezi huohuo wa Januari 1997. Waraka RFC 3576 wa mwaka 2003 uliongeza uwezo wa seva kubadili idhini ya mteja angali mtandaoni.

Kwa hiyo, historia ya violezo ni pia historia ya dhamana. Kazi ya fundi ilipopungua kwa wingi wa mistari, wajibu wake uliongezeka: mstari mmoja sasa ulibeba huduma ya wateja ambao hakuwajua.