Mume Anayedhulumiwa na Dhihaka za Jirani



Mwanamume akipigwa njiani na mwizi, watu humkimbilia. Akipigwa nyumbani na mkewe, watu hao hao humcheka. Jeraha ni lile lile na damu ni ile ile, lakini wa kwanza hupelekwa hospitali, na wa pili hufanywa hadithi ya barazani. Basi kicheko hiki kimetoka wapi, na dini yetu yakisemaje? Natuitazame tarikh kwanza.

Katika nchi za Ulaya, mamia ya miaka iliyopita, ilikuwako ada ya kumtangaza hadharani mume aliyepigwa na mkewe. Hawakumtangaza ili asaidiwe, bali ili aaibishwe. Watu wa mtaa walikusanyika na masufuria, pembe na ngoma, wakapiga kelele mlangoni pake, kisha wakampandisha punda, uso ukielekea mkiani, wakamzungusha mjini. Pengine aliyepandishwa punda si mume mwenyewe, bali jirani yake wa karibu akishika mahali pake. Katika mji wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1566 na tena 1578, maandamano ya namna hii yalifanywa kwa fahari kama sikukuu.

Uingereza nako mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1618, katika kijiji cha Quemerford, karibu na mji wa Calne, wanaume wapatao mia tatu au mia nne, wengine wamechukua bunduki, waliiendea nyumba ya fundi wa visu kwa kuwa ilisemwa mkewe amempiga. Wakaingia kwa nguvu, wakamtoa yule mwanamke, wakamtupa katika shimo la maji na kumpaka matope. Mume waliyedai kumtetea heshima yake alibaki na nyumba iliyovunjwa na mke aliyeumizwa.

Mwandishi wa kumbukumbu Samuel Pepys naye aliandika kwamba tarehe 10 Juni 1667 alifika Greenwich akakuta watu wamejaa gatini kutazama maandamano kama hayo. Aliyekuwa akifanyiwa dhihaka ni konstebo wa mji ule, aliyepigwa na mkewe. Na siku zile zile merikebu za vita za Waholanzi zilikuwa zimekwisha kuingia mtoni! Adui yu mlangoni, na watu wanacheka mwenzao aliyeumizwa.

Zingatia, ndugu yangu. Katika umati ule hapakuwa na mtu wa kumwuliza mume: je, umeumia? Wala wa kumwuliza mke: kisa chenu ni nini? Khofu yao ilikuwa moja tu, kwamba wake wengine watajifunza ujeuri. Kwa hiyo aliyedhulumiwa akahukumiwa kwa kosa la udhaifu.

Katika karne ya 19 kelele zile zilianza kuwageukia zaidi waume wanaowapiga wake zao, lakini kicheko hakikufa. Kilihamia magazetini. Huko Marekani, tangu mwaka 1913 hadi 2000, ilichapishwa hadithi ya vibonzo iliyoanzishwa na George McManus, ambamo mke humrushia mumewe sahani na mti wa kusukumia unga, na wasomaji wakafurahi. Na sisi tusijitoe. Mwaka 2012, habari za wanaume wa Nyeri, Kenya, waliojeruhiwa na wake zao zilipotangazwa, jina la mji ule likageuka mzaha katika vinywa vya watu.

Sheria zimekwenda mbele kuliko ndimi zetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imekataza mtu yeyote kumpiga mwenzake wa ndoa, awe mume au mke. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na udhalimu wa nyumbani haikubagua mume na mke. Lakini sheria itamfaa nini mtu anayeona haya kuvuka kizingiti cha polisi?

Ama dini yetu, ilikwisha kulikata jambo hili zamani. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao, na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, kwani huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 35, ameamrisha kwamba ikikhofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke.

Tena tazama fikihi ya Imam Shafi, madhehebu ya wengi wetu hapa pwani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba kila mmoja akidai mwenzake ndiye mkosa, kadhi hutafuta mtu mwaminifu azijuaye habari zao, kisha humzuia aliye dhalimu. Na wenye kuisherehesha kitabu hicho wamemtaja jirani. Basi jirani ambaye umati wa Ulaya ulimpandisha punda, kwetu sisi ni shahidi mwaminifu wa kuondoa dhulma.

Lipo neno la kutanabahisha. Wanaoumizwa zaidi majumbani ni wanawake, wala makala haya si silaha ya kuwanyamazishia. Dhulma ya huyu haifuti dhulma ya yule. Na mume asijidanganye kwamba usimamizi wake wamlazimisha kuficha jeraha, wala asilipize kwa ngumi. Anayenyamaza kwa kuogopa kuchekwa, mwisho wake huwa ni talaka ya hasira, au kuwakimbia watoto wake, au mauti.

Kwa hiyo mwenzio akikujia na uso uliovimba, usimwulize, "Wewe mwanamume gani?" Mpeleke akatibiwe, umsitiri, kisha uwaite wazee wa pande mbili, na ikishindikana mfuatane kwa kadhi. Na barazani kisa chake kikianza kuchekewa, kikate.

Mwenyezi Mungu atie mapenzi na huruma katika nyumba zetu. Amin.