JEZI MOJA, NCHI NNE: SAFARI YA TIMU YA KRIKETI YA AFRIKA MASHARIKI, 1975

Yako mambo ambayo historia huyaweka pembeni kwa sababu tu waliohusika nayo walishindwa. Mojawapo ni safari ya timu ya kriketi ya Afrika Mashariki kwenda Uingereza mwezi wa Juni 1975. Timu hiyo ilicheza michezo mitatu, ikashindwa yote mitatu, ikarejea nyumbani. Hata hivyo, sisi wananchi wa Burundi, ambao nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, tunayo sababu ya kuikumbuka safari ile na kujiuliza ilikuwa na maana gani.

Kwa wengi wetu hapa Bujumbura kriketi ni mchezo mgeni. Mtoto wa Mutanga Nord huupiga mpira kwa mguu kabla hajajua kusoma, lakini gongo la kriketi huenda hajalitia mkononi. Basi tueleze kwa ufupi. Timu mbili, kila moja ikiwa na watu kumi na mmoja, hupokezana zamu. Moja hurusha mpira. Nyingine huupiga kwa gongo la mbao, na wapigaji wake hukimbia baina ya wiketi mbili, yaani vijiti vitatu vilivyosimikwa kila upande. Kila mkimbio ni alama moja. Mipira sita hufanya ova moja, na katika mashindano ya 1975 kila timu ilipewa ova 60. Wapigaji kumi wakitolewa, zamu yao imekwisha.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia la kriketi la wanaume, na timu zilizoalikwa zilikuwa nane tu. Afrika Kusini, iliyokuwa bingwa wa mchezo huo katika bara letu, haikuwamo, kwa kuwa ilikwisha kutengwa kimichezo kwa ajili ya siasa yake ya ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo Afrika nzima iliwakilishwa na timu moja, iliyoundwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia.

Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Wachezaji wengi walikuwa wenye asili ya Asia, kama Frasat Ali, Jawahir Shah na Ramesh Sethi. Wawili, Don Pringle na Hamish McLeod, walikuwa wenye asili ya Ulaya. Waafrika weusi walikuwa wawili tu, wote wa Uganda: Sam Walusimbi na John Nagenda. Nagenda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi wa vitabu na mshauri wa Rais Museveni, alizaliwa mwaka 1938 huko Gahini, katika nchi jirani ya Rwanda.

Ndugu wasikilizaji, tuutazame wakati wenyewe. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alikuwa ametoa amri ya kuwafukuza Waasia kutoka Uganda, akawapa siku 90. Mwezi uliofuata wapinzani wake walivuka mpaka wakitokea Tanzania, na ndege za Amin zikaipiga miji ya Bukoba na Mwanza. Na mwezi wa Julai 1975, wiki chache tu baada ya timu ile kumaliza michezo yake, viongozi wa Tanzania na Zambia walikataa kwenda Kampala kuhudhuria mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini huko Uingereza Mganda, Mtanzania na Mzambia walikuwa wamevaa jezi moja, na Mwafrika wa Uganda alikuwa amesimama uwanjani pamoja na ndugu zake wenye asili ya Asia.

Uwanjani mambo yalikuwa magumu. Tarehe 7 Juni, mjini Birmingham, New Zealand ilipata mikimbio 309. Glenn Turner peke yake alipata 171, akamaliza ova zote 60 bila kutolewa. Afrika Mashariki ilijibu kwa mikimbio 128, ambayo 45 kati yake ilikuwa ya Frasat Ali. Tukumbuke lakini kwamba vijana wetu nao walizicheza ova zote 60, na wapigaji wanane tu ndio waliokuwa wametolewa.

Tarehe 11 Juni, mjini Leeds, walitolewa wote kwa mikimbio 120. Mrushaji wa India, Bishan Singh Bedi, alirusha ova 12 akatoa mikimbio sita tu. Wahindi wakaimaliza kazi yao bila kupoteza mpigaji hata mmoja, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa India katika Kombe la Dunia. Tarehe 14 Juni, tena Birmingham, Uingereza ilipata 290. John Snow akawaangusha wapigaji wanne kwa mikimbio 11, na Afrika Mashariki ikaishia 94.

Wapo watakaosema kwamba timu iliyokusanywa kutoka nchi nyingi haiwezi kushinda. Mashindano yaleyale yanawakanusha. Tarehe 21 Juni, katika uwanja wa Lord's mjini London, kombe lilitwaliwa na West Indies, iliyoishinda Australia kwa mikimbio 17, nahodha wake Clive Lloyd akipata 102. West Indies nayo si nchi moja. Ni timu ya Guyana, pamoja na Jamaika, Barbados, Trinidad na visiwa vinginevyo, ambavyo shirikisho lao la kisiasa lilivunjika mwaka 1962. Shirikisho lilikufa, lakini timu iliendelea kuishi, kwa sababu huko kriketi ilikuwa mali ya mtoto wa kijijini na wa pwani, na visiwa vilikuwa na desturi ya kushindana vyenyewe kwa vyenyewe.

Kwetu hali ilikuwa kinyume. Kriketi ililetwa na wakoloni, ikakaa katika klabu za mijini, na hadi wakati ule ilikuwa haijawafikia wananchi walio wengi. Timu ilikuwa na jina la Afrika Mashariki, lakini mkulima wa Kigoma au wa Masaka hakuwa na njia ya kuingia ndani yake. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, timu haikufa papo hapo. Kenya ilijitoa mwaka 1981, ikashika njia yake. Waliobaki waliendelea hadi mwaka 1989, ambapo jina la zamani lilifutwa.

Yaliyofuata yanatufundisha. Kenya, baada ya mchezo kuwafikia vijana Waafrika wa Nairobi, iliishinda West Indies mwaka 1996, na mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, ikaishinda Papua New Guinea. Na jirani zetu wa Rwanda, ambako mchezo huu ulistawi baada ya 1994, walishuhudia mwezi wa Januari 2023 wasichana wao wa chini ya umri wa miaka 19 wakiishinda West Indies.

Ndugu wasikilizaji, leo Jumuiya yetu ina nchi nane, na mikataba yake ni mingi. Somo la 1975 ni kwamba jezi ya pamoja hushonwa kwa siku moja, lakini timu hukuzwa kwa miaka, kuanzia shuleni na katika viwanja vya mitaani. Wale waliokwenda Uingereza walitimiza wajibu wao kwa kadiri ya uwezo waliokuwa nao. Walichokosa ni umma nyuma yao. Nasi, kila tunapotia saini mkataba kwa jina la Afrika Mashariki, hatuna budi kuuliza swali ambalo wakati ule halikuulizwa: mtoto wa Mutanga Nord, au wa kijiji kilicho mbali kabisa na mji, ataingilia mlango gani?